Kiti cha Enoch Hallaby

Sehemu ya Tisa

"Nipo."

Sauti ilitoka mlangoni, nzito na kavu, na bakuli la maharage likamponyoka Lovina Hallaby mikononi.

Wiki nzima mmenisumbua mkitaka kujua ni nani aliyeitika. Tulieni, nitasema. Lakini waliojiunga nasi leo wajue kwanza kwa nini watu wazima sitini, wengi wao wavuvi wa kutisha kwa maumbo, waliganda vitini mchana kweupe na vijiko mikononi.

Kila Agosti, ukoo wa Hallaby hukusanyika kwenye nyumba kubwa ya Ghuba ya Marrow, pwani ya Maine, kula na kujisifu. Uzao wa Amos huvaa utepe wa buluu kifuani, uzao wa Jotham utepe mwekundu. Kiti kimoja mwisho wa meza hufungwa utepe mweupe na hakikaliwi na mtu. Hicho ni cha Enoch, ndugu wa tatu, aliyeachwa Kisiwa cha Kondoo achunge mifugo mwaka uleule waliofika kutoka Uingereza, asisikike tena.

Kabla watu hawajagusa chakula, mama wa nyumba husimama na kuita, "Enoch Hallaby, upo?" Hungoja kidogo. Asipojibu mtu, watu huanza kula. Mambo yamekwenda hivyo miaka mia tatu.

Mwaka huu akaitika mtu.

Alikuwa mzee mrefu, koti lake la baharini likichuruzika maji ya ukungu, kofia mkononi. Alipita kati ya watu bila kutazama huku wala huku, akavuta kiti chenye utepe mweupe, akakaa.

Mama mmoja mwenye utepe mwekundu akaanza kusali kwa sauti.

"Ondoka hapo!" Thurlow Hallaby akang'aka. Huyu ndiye mwenyekiti wa chama cha ukoo, mwenye karakana ya boti, shemeji yake Lovina, mtu ambaye hufoka hata akiomba apitishiwe chumvi. "Nani kakuruhusu kukaa hapo?"

"Nimeitwa," mzee akasema kwa upole. "Nimesimama mlangoni nikifikiria nigonge vipi, nikasikia mnaliita jina la babu wa mababu zangu. Naitwa Ambrose Hallaby, nimetoka Newfoundland, kaskazini kule. Mimi ni uzao wa Enoch."

"Enoch hakuacha uzao! Enoch alikufa kijana, kisiwani!"

"Basi aliyetuzaa sisi ni nani, bwana? Upepo?"

Upande wa pili wa meza, Merle Hallaby akapasuka kicheko. Merle ni mtega kambakoche, utepe mwekundu, na hajawahi kuona msiba usiofaa mzaha. "Mwacheni, huyo ni Hallaby halisi. Kafika chakula kikiwa mezani."

Watu wakacheka, ila kilikuwa kicheko cha kujitia moyo tu.

Lovina hakucheka. Alikuwa amesimama juu ya maharage yaliyomwagika. Mama mkwe wake, marehemu Keziah, alipomkabidhi kazi ya kuita jina, alimshika mkono akamwambia hivi: "Tunamwita ili tujue kuwa hayupo. Siku akiitika, hesabu watoto wako."

Lovina hana watoto wa kuhesabu. Anaye mmoja. Tamsin, binti wa miaka ishirini na minne, aliyeichukua boti ya baba yake na mitego ya baba yake na ulimi wa baba yake pia, siku baba huyo, Alden, alipozama. Kiti cha Tamsin kilikuwa kitupu tangu asubuhi.

"Mzee wangu," Lovina akasema, akijikaza sauti isitetemeke, "umefikaje hapa?"

"Binti mmoja kanileta kwa boti. Tamsin. Binti mwema sana, ingawa njia nzima kanitukana kofia yangu."

Moyo wa Lovina ukarudi mahali pake. "Ni wangu huyo! Yuko wapi sasa? Gatini?"

"Amerudi kisiwani."

"Kisiwa gani?" akauliza, na tayari alikuwa anajua.

"Kile cha Kondoo. Nilimwomba anipitishe huko kwanza, nikione kwa macho yangu. Tulipofika gatini hapa nikagundua nimeacha mkoba wangu kule, juu ya jiwe. Ndimo zilimo dawa zangu za moyo. Nikamwambia aache, akaniambia niingie nile, yeye anarudi sasa hivi." Mzee akatazama dirishani, ambako hakukuwa na bahari wala gati, weupe mtupu. "Ukungu ulikuwa haujashuka bado."

Hapo ndipo vijiko vilipowekwa chini kimoja kimoja.

Hakuna Hallaby anayekanyaga Kisiwa cha Kondoo. Mtoto wa ghuba ile akikataa kulala hutishiwa kupelekwa huko. Mitego ikisogezwa na mkondo mpaka karibu na miamba yake, hukatwa kamba ikaachwa. Na Tamsin, kichwa ngumu wa watu, alikuwa amekikanyaga mara mbili kwa siku moja kwa sababu ya mgeni na dawa zake.

Wakati ule ule, nje huko ndani ya ukungu, baragumu likalia.

Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Likanyamaza.

"Ni yeye!" Lovina akavua aproni. "Ni Tamsin! Anaomba msaada! Merle, washa boti!"

Merle hakuinuka. Mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Merle, hunisikii?"

"Nimesikia, Lovina. Imetoka kisiwani."

"Si ndiko aliko mwanangu?"

"Fungeni madirisha," Thurlow akasema.

Sasa, msije mkawaona watu hawa makatili. Kwenye ghuba ile milio mitatu ya baragumu ni mtu kuomba msaada, na akisikika, mvuvi hutoka hata harusini kwake. Lakini mlio ukitoka Kisiwa cha Kondoo, kila Hallaby anajua kuwa huyo si mtu. Huyo ni Enoch, anawavuta wenzake. Umesikika enzi za babu zao, na kila aliyeufuata amerudishwa na maji. Wa mwisho kuufuata alikuwa Alden, mume wa Lovina, miaka sita iliyopita. Boti yake ilikutwa ikizunguka peke yake, injini inanguruma, chai yake bado ya moto kwenye chupa.

Kwa hiyo madirisha yakafungwa. Moja, jingine, jingine, akina mama wenye tepe za buluu na nyekundu wakisaidiana vizuri tu, na mkate ukaanza kupitishwa mezani.

"Thurlow," Lovina akasema, "yule ni mtoto wa mdogo wako. Ulimbeba begani."

"Na mdogo wangu aliniambia maneno hayahaya, shemeji. Alisimama hapo ulipo, akasema, kaka, yule ni mtu. Nikamwacha aende. Mpaka leo silali." Sauti ya Thurlow ikakatika, akaitafuta, akairudisha kwa kufoka. "Tamsin anajua bahari kuliko nusu ya wanaume humu! Ameshatia nanga mahali, anangoja. Na sisi tutangoja. Ukungu ukiondoka tutakwenda."

Mzee Ambrose alikuwa akigeuza shingo, mara kwa huyu, mara kwa yule, kama mtu aliyeingia kanisani kwa watu wa dini nyingine.

"Samahani," akasema. "Mnamwogopa nani?"

"Babu yako," Merle akamjibu. "Usichukulie vibaya."

"Enoch? Lakini Enoch hayupo kule! Alitoka! Wavuvi waliokuwa wakielekea kaskazini walisikia baragumu lake, wakamchukua, wakaenda naye Newfoundland. Alioa kule. Alikufa kitandani kwake, ameota mvi, wajukuu wamemzunguka wanagombania viatu vyake."

Chumba kizima kikamtazama.

"Waliokufa ni wale wawili," Ambrose akaendelea, na hapo sauti yake ikashuka kwa heshima. "Amos na Jotham. Walimsikia ndugu yao, wakatoka na mashua kwenye ukungu kumfuata, wakazama. Enoch aliwangoja, hawakufika. Kwetu sisi kila Krismasi tunafunika sahani mbili mezani, sahani za Amos na Jotham. Hakuna anayezigusa. Nimekuja niyaone maji waliyozamia, niwashukuru kabla sijafa. Hilo tu. Sikuja kudai kiti."

Watu wakageuza macho kuelekea nyuma ya nyumba.

Kaburi la Amos Hallaby liko nyuma ya ile nyumba, chini ya mti wa tofaa, na kila anayekwenda chooni hulipita. Alikufa ana miaka themanini na moja. La Jotham liko pembeni yake, na yeye alipita tisini. Hakuna aliyezama hata bafuni.

Lovina akaanza kuunganisha mambo. Kama Enoch alitoka salama, basi kisiwani hakuna Enoch. Na kama hakuna Enoch, wanaogopa nini? Akafungua mdomo, lakini Thurlow alimwahi.

"Uongo!" Akapiga meza. "Na hata ukiwa kweli, mzee, hicho kiti si chako. Unataka ukweli? Haya. Enoch hakuwa ndugu yao."

Minong'ono ikapita mezani. Thurlow akainua mkono.

"Mnakumbuka nilikwenda Uingereza? Niliwaambia nilikuta makaburi ya ukoo. Sikukuta kitu. Nimeshuka kwenye kijiji cha Hallaby, kule Lincolnshire, na utepe wangu kifuani kama mjinga, nategemea kupokewa na ndugu. Hakuna Hallaby hata mmoja! Wala makaburini! Mchungaji wa pale alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza, wewe, ukiishi Hallaby, nani atakuita Hallaby, na kila mtu anatoka Hallaby? Jina hilo hupewa anayehama. Ukihamia mji wa jirani, watu wa huko ndio wanakuita yule wa Hallaby."

"Na ukavuka bahari?" Merle akauliza.

"Ndiyo hivyohivyo. Wamefika wanaume watatu hapa, wameulizwa wametoka wapi, wamejibu Hallaby, basi. Amos na Jotham walikuwa wa baba mmoja, hilo nimelithibitisha. Enoch alikuwa mchungaji wao wa kukodi. Hana damu yetu. Jina lilimwangukia tu."

"Mwaka wa tatu huu umekaa na hilo?" mtu akauliza.

"Tepe zilikuwa zimeshanunuliwa," Thurlow akasema, na uso ukamwiva.

Mzee Ambrose aliigeuza kofia yake mikononi kwa muda. Alipojibu, hakupandisha sauti.

"Basi na Amos hakuwa Hallaby mpaka alipohama, bwana mwenyekiti. Jina tumepewa pamoja, siku moja, kwa sababu moja. Wewe unalo kwa damu gani?"

Baragumu likalia tena.

Lilipenya madirisha yaliyofungwa, mara tatu, na safari hii mlio wa tatu ulikatika katikati.

Lovina alijua kuwa saa hizo maji yanajaa. Ghuba ndogo ya kile kisiwa ina mdomo mwembamba, na maji yakijaa, mawimbi huingia mle kwa nguvu na kuponda chochote kilichofungwa. Ukungu usingeondoka kabla ya jioni. Akamtazama Thurlow, akamtazama Merle, akaitazama meza nzima ya watu aliowapikia miaka thelathini. Wote walikuwa wameinamia sahani zao.

Palikuwa na kitu kimoja tu ambacho kingeweza kuwainua, na alikuwa nacho yeye peke yake, amekabidhiwa na Keziah. Lakini ili akiseme ilibidi akiseme mbele ya yule mzee, aliyekuja kutoka mbali kote kule na shukrani zake.

Alimwonea huruma. Nataka mlijue hilo kabla hamjamhukumu. Alimwonea huruma mpaka machozi yakamlengalenga, na bado akasema.

"Mzee Ambrose, nisamehe. Hawakuzama."

"Shemeji," Thurlow akaonya.

"Hawakuzama, kwa sababu hawakwenda. Hawakutoka hata mlangoni." Lovina akaweka kiganja mezani. "Walikuwa hapa. Kwenye meza hii. Walimwachia Enoch chakula cha kumfikisha theluji ya kwanza, wakaapa watamfuata. Ukaja ukungu, akapuliza baragumu. Mke wa Amos, Patience, akasema, huyo ni Enoch. Amos akasema, fungeni dirisha. Ukungu ukiondoka tutakwenda. Wakala. Baragumu linalia, wao wanapitishiana mkate. Likalia mpaka likaacha."

Merle akakirudisha kipande cha mkate sahanini.

"Ukungu ulipoondoka wakaenda, wakakuta kondoo, mtu hayupo. Wakakubaliana waseme hakusikika tena. Kumbe walimsikia! Ni Patience aliyeweka kile kiti. Alikataa kula mpaka kiwekwe. Alimwita kila mlo, mbele ya mumewe, mpaka alipokufa, na alipokufa akamwachia mkwewe kazi hiyo na siri hiyo. Mama Keziah aliniachia mimi. Hatumwiti Enoch kwa mapenzi. Tunamwita kwa aibu."

"Mama hakuniambia jambo hilo kamwe," Thurlow akasema. Alikuwa ameegemea ukuta.

"Mama alikujua. Alijua ungenunua utepe mwingine ukalifunika." Lovina hakuwa amewahi kumjibu shemeji yake hivyo, na yeye mwenyewe akashangaa jinsi lilivyotoka kirahisi. "Sasa nisikilizeni. Enoch alipona, mwenye damu yake huyu hapa kavaa koti. Anayelia kule ni mwanangu. Na nyie mmefunga madirisha na mnakula mkate, hivyohivyo, kwenye meza ileile! Nani anasimama?"

Wakatazama mezani. Mkate ulikuwa katikati, umekatwa, umebaki nusu.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa Ambrose.

Alikuwa amezeeka ndani ya dakika hizo.

"Bibi yangu," akasema, "alikuwa anazifuta zile sahani mbili kwa leso yake mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine azifute. Alikuwa akilia, analilia watu waliokuwa wanakula mkate." Akavaa kofia. "Nani ana boti?"

"Mzee, moyo wako," Lovina akasema. "Na dawa hunazo."

"Ziko kisiwani. Ndizo nazifuata hivyo."

Wakatoka wawili hao. Nyuma yao kiti kikakwaruza sakafu, ni Merle, analaani kila mtu aliyewahi kuzaliwa Hallaby, yeye mwenyewe wa kwanza. Akawafuata hadi gatini, akaifungua boti yake, akaweka mguu mmoja ndani. Ukaishia hapo. Alisimama hivyo, mguu mmoja gatini, mmoja botini, jitu la kilo mia, anatetemeka.

"Siwezi, Lovina." Alikuwa analia waziwazi. "Naapa nimejaribu. Mguu hauji. Niache nipige kengele hapa. Nitaipiga mpaka mrudi, sitaacha hata mkono ung'oke. Mtaifuata sauti."

"Ipige kwa nguvu basi," Lovina akasema, na hakuwa na nafasi ya kumdharau.

Akawasha injini ndogo ya mashua ya Alden. Gati likapotea kabla hawajahesabu kumi, ikabaki kengele tu nyuma yao, kisha hata kengele ikawa mbali.

Msomaji, kuna ukungu na kuna ule. Lovina hakuiona ncha ya mashua yake. Aliendesha kwa kusikiliza, akizima injini kila baada ya muda, akitega sikio, akiwasha tena. Ambrose alikaa mbele, mgongo wake ukionekana na kupotea.

"Ungeweza kunyamaza," akasema bila kugeuka.

"Nisingempata mwanangu."

"Najua. Ningekuwa wewe ningesema vilevile." Akajifuta ukungu usoni. "Lakini nakuchukia kidogo, mama."

"Nichukie tukisharudi."

"Haya. Nikumbushe."

Lovina nusura acheke. Hakupata nafasi, kwa sababu baragumu lililia, karibu kabisa, upande wa kulia. Akageuza usukani. Kabla hajaunyoosha, likalia upande wa kushoto.

Akazima injini.

Kulia tena. Na kabla mlio huo haujaisha, kushoto likaitikia. Yalikuwa mabaragumu mawili.

"Binti yako ana mangapi?" Ambrose akanong'ona.

"Moja," Lovina akasema. "La bati. La baba yake."

Na hayo yaliyokuwa yakilia hayakuwa ya bati. Yalikuwa na sauti nene, ya pembe, ya zamani, na Lovina akakumbuka kwa uchungu kuwa Alden alimwambia hivyo siku ile akivaa buti, kwamba baragumu hilo halifanani na la mtu yeyote hapa ghubani. Lovina alikuwa akikunja nguo, hakumsikiliza vizuri.

Mashua ikagusa mwamba. Ukungu ukasogea kidogo, na Lovina akaiona boti ya Tamsin, imefungwa vizuri, nzima, haina hata mkwaruzo, ikipanda na kushuka na maji yanayojaa. Juu ya jabali, Tamsin mwenyewe, amesimama wima, mkoba wa mzee kifuani.

Alikuwa hai! Lovina akafungua mdomo kupiga kelele za furaha.

Kisha akaliona baragumu la bati likining'inia kiunoni mwa binti yake, bila kuguswa. Na milio bado inalia.

"Mama, usishuke!" Tamsin akapaza sauti. "Si mimi ninayepuliza!"

"Shuka uje, mwanangu! Ruka, nitakudaka!"

"Siwezi kupita! Wamesimama kati yangu na boti, wako wawili, wazee, mama, wamelowa mpaka mifupani! Usimlete huyo mzee huku! Mrudishe!"

Lovina akakodoa macho kwenye weupe kati ya boti na jabali. Hakuona mtu. Aliona mawe mawili ya pwani yakiwa yamelowa maji, na maji yakichirizika hewani juu yake, kama yanavyochirizika kwenye koti la mtu.

"Wanataka nini?" akauliza, na sauti haikuwa yake.

"Wanasema wamechelewa." Tamsin akaukumbatia mkoba. "Wanasema hilo tu, mama, wamechelewa, wamekuja kumchukua ndugu yao."

Mabaragumu yakanyamaza yote mawili.

Mbele ya mashua, Ambrose Hallaby alikuwa amesimama. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Lakini ule uzee ulioingia usoni mwake mezani ulikuwa umetoka.

"Bibi alisema kweli," akasema taratibu. "Amos na Jotham walikuja."

"Mzee, kaa chini! Mashua itapinduka! Ambrose!"

Akapitisha mguu juu ya ubavu wa mashua, kama mtu anayeshuka kwenye gati la kwao. Lovina akajitupa mbele, akalikamata koti kwa mikono yote miwili, akalivuta kwa nguvu zake zote.

Koti likaja lote, zito, tupu.